Dawa ya kibofu ndani ya chombo cha kioo: ureta inajibu nini?

Mgonjwa mwenye saratani akiondolewa figo, hutolewa pamoja na sentimita kadhaa za mrija uliokuwa ukiteremsha mkojo kwenda kibofuni. Wataalamu wa patholojia huchukua sehemu wanayoihitaji ili wajue saratani imefika wapi, na kinachobaki huishia kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali. Lakini zipo hospitali ambako nje ya chumba cha upasuaji husimama mtu mwenye chupa ya maji ya chumvi ndani ya kisanduku cha barafu, akisubiri hicho kinachobaki. Mgonjwa alikwisha kutia saini fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji. Kamati ya maadili ilikwisha kuupitisha utafiti. Jina la mgonjwa haliandikwi kwenye chupa, inaandikwa namba.

Mrija huo unaitwa ureta. Tunazo mbili, moja kila upande, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 25 hadi 30 na upana wa milimita 3 au 4 tu. Mkojo haushuki humo kwa kujimwaga wenyewe. Ukuta wa ureta una misuli laini inayojibana kuanzia juu kwenda chini, mara mbili hadi sita kwa dakika, kama vidole vya mkamuaji vinavyobana chuchu ya ng'ombe, na ndiyo maana hata mtu aliyelala chali usiku kucha huamka kibofu kimejaa. Mjerumani Theodor Wilhelm Engelmann, akifanya kazi Utrecht nchini Uholanzi, aliyaeleza mawimbi hayo mwaka 1869. Aliona kwamba yanasafiri kutoka seli moja ya msuli hadi nyingine bila kungoja amri ya mishipa ya fahamu. Ureta iliyokatwa na kutolewa mwilini bado inajua kazi yake, na uhodari huo ndio unaoifanya ipimike maabara.

Anayeisubiri kwa hamu zaidi ni mtafiti mwenye swali kuhusu vijiwe vya figo. Kijiwe kikitoka kwenye figo na kukwama ureta, misuli ya hapo hukaza na kukishikilia, mkojo unarudi nyuma, figo inavimba, na mgonjwa anagaagaa sakafuni bila kupata mkao. Sehemu tatu ndizo hukwamisha zaidi: pale ureta inapoanzia, pale inapovuka mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na pale inapopenya ukuta wa kibofu. Kijiwe chenye milimita chini ya 5 mara nyingi hutoka chenyewe; kikizidi hapo matumaini hupungua. Ikipatikana dawa ya kulegeza msuli pale ulipokaza, labda kijiwe kitapita bila mtu kuingizwa vyuma. Dawa moja inayoulizwa swali hilo haikutengenezwa kwa ajili ya ureta hata kidogo. Ni ya kibofu.

Dawa yenyewe ni mirabegron, ya kampuni ya Astellas ya Japan. Iliidhinishwa Japan mwaka 2011, na Marekani na Ulaya mwaka 2012, kwa ajili ya watu wenye kibofu kisichotulia: wale wanaobanwa na haja ghafla, wanaoamka mara nne usiku, wanaokariri vyoo vyote vya mjini kabla ya kutoka nyumbani. Inafanya kazi kwa kuamsha vipokezi vya beta-3 vilivyo kwenye msuli wa kibofu. Kipokezi kikiamka, seli hutengeneza kemikali inayoitwa AMP mduara, msuli unalegea, na kibofu kinaweza kubeba mkojo zaidi kabla ya kulalamika.

Historia ya vipokezi hivi inafaa kusimuliwa, kwa sababu inaonyesha kwa nini watu wanahangaika na nyama ya binadamu badala ya kumchinja sungura na kumaliza. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist aliligawa kundi la vipokezi vya adrenalini katika aina mbili, alfa na beta. Baadaye beta ikagawanywa tena, na jeni ya beta-3 ya binadamu ikaelezwa mwaka 1989. Makampuni ya dawa yakaikimbilia kwa tamaa ya kuunguza mafuta mwilini. Panya walikonda. Watu hawakukonda. Sehemu ya sababu ni kwamba beta-3 ya panya na ya binadamu hazifanani kiasi cha kutosha: dawa iliyomwamsha panya ilimgusa mtu juu juu tu. Mirabegron yenyewe mwanzoni ilikuwa ikitafutwa kama dawa ya kisukari, ikaishia kibofuni. Tangu hapo, katika somo la beta-3, anayeleta matokeo ya panya peke yake husikilizwa kwa adabu kisha huulizwa, "Na kwa binadamu je?"

Maji ya bomba

Kabla ya dawa kuna maji. Msuli uliokatwa hauwezi kuwekwa kwenye maji matupu, utakufa. Somo hilo lilipatikana kwa bahati mbaya. Sydney Ringer, daktari wa London, alikuwa akiufanya moyo wa chura udunde ndani ya maji ya chumvi, na mwaka 1882 alitangaza kwamba chumvi ya kawaida na vitu vichache vinatosha. Mwaka uliofuata alilazimika kurekebisha maneno yake. Maji aliyokuwa akiyatumia hayakuwa yamechujwa kwa mvuke. Yalikuwa ya bomba, yaliyosambazwa na kampuni ya New River, nayo yalikuwa na kalisi. Yalipotumiwa maji safi kabisa, moyo ulidhoofika na kusimama. Hivyo ulimwengu ukajua, kwa uzembe wa kuchota maji bombani, kwamba msuli haukazi bila kalisi.

Leo maabara nyingi hutumia mchanganyiko uliotokana na kazi ya Hans Krebs na Kurt Henseleit ya mwaka 1932. Una chumvi, potasiamu, kalisi, magnesiamu na sukari, katika vipimo vinavyokaribia vya damu. Ndani yake hupulizwa viputo vya hewa yenye asilimia 95 ya oksijeni na asilimia 5 ya kabonidayoksaidi, na joto hushikiliwa kwenye nyuzi 37. Ndani ya kijichombo cha kioo cha mililita chache, kipande cha ureta kisichozidi sentimita moja hufungwa kwa uzi wa hariri pande zote mbili. Uzi wa chini hushikizwa kwenye ndoano isiyotikisika. Wa juu hufungwa kwenye kipimio cha nguvu kinachoandika kila mkazo kwenye skrini ya kompyuta.

Kisha ni kusubiri. Msuli umekatwa, umepoa, umesafirishwa, umefungwa uzi. Haufai kuulizwa chochote mara moja. Huachwa saa moja au zaidi, maji yakibadilishwa kila baada ya muda, mpaka utulie. Baada ya hapo hupewa dozi kubwa ya potasiamu ili ionekane kama bado uko hai. Potasiamu hulazimisha kalisi kuingia kwenye seli, na msuli ulio mzima hukaza kwa nguvu. Usiokaza hutupwa, hata kama ulipatikana kwa shida namna gani. Wapo wanafunzi wa udaktari wa falsafa waliongoja wiki nzima apatikane mgonjwa mmoja aliyekubali, kisha kipande chake kikagoma kwenye potasiamu.

Ukikubali, ndipo maswali yanaanza. Msuli hukazwa kwanza kwa noradrenalini, au kwa dawa ya finilefrini, au kwa umeme mdogo unaogusa ncha za mishipa ya fahamu zilizobaki ndani ya nyama. Halafu mirabegron inatiwa kidogo kidogo, kila mara ikiongezwa takribani mara tatu au mara kumi ya kiasi kilichotangulia, na mchoro kwenye skrini unaangaliwa kama unashuka. Chombo cha jirani, chenye kipande kutoka kwa mgonjwa yuleyule, kinatiwa kiyeyushio kitupu bila dawa. Chombo hicho cha pili ndicho kinachomtenganisha mpimaji na mpiga ramli. Misuli huchoka yenyewe. Bila cha kulinganisha nacho, uchovu ungeandikwa kwenye jarida kuwa ni dawa.

Mlango wa pili

Kwamba ureta ya binadamu ina mkono wa kukaza na mkono wa kulegeza kulijulikana tangu majaribio ya mwaka 1970: vipokezi vya alfa vinakaza, vya beta vinalegeza. Mwaka 2000 kundi la watafiti wa Japan lilitoa ushahidi kwamba beta-3 imo kwenye ureta ya binadamu na kwamba, pamoja na beta-2, inashiriki kulegeza. Hapo swali la mirabegron likawa na mantiki. Dawa ipo, kipokezi kipo, basi kilichobaki ni kuvikutanisha.

Vikikutanishwa, ureta hulegea. Lakini nani aliyeilegeza? Watafiti wa Brazil waliochunguza misuli ya njia ya kutolea mkojo ya panya walionyesha kwamba mirabegron ina kazi mbili: inaamsha beta-3, na ikiwa nyingi inaziba pia vipokezi vya alfa-1. Chuo Kikuu cha Bond, Gold Coast, Australia, kilipima ureta za nguruwe na kufikia hitimisho kwamba mirabegron ilipunguza mikazo kwa kupitia alfa-1. Kwa maneno mengine, dawa iliyobeba jina la kulegeza kupitia beta inaweza kufanya kazi kwa kuzuia kukaza. Ili kujua mlango upi umetumika, mpimaji huufunga mmoja kwanza kwa dawa nyingine, kisha anaangalia kama mirabegron bado inapita.

Mtu atauliza: kwani kuna tofauti gani, maadamu msuli umelegea? Tofauti iko kwenye kiasi. Kazi ile ya pili huonekana kwenye viwango vya mikromolari, yaani dawa nyingi ndani ya chombo. Damu ya mtu aliyemeza kidonge cha miligramu 50 iko chini sana ya kiwango hicho, na hata hiyo iliyopo, asilimia kama 71 imeshikwa na protini za damu na haiko huru kwenda popote. Kwa hiyo mchoro unaoporomoka vizuri kwenye skrini unaweza kuwa unaonyesha jambo ambalo halitatokea kamwe ndani ya mtu anayemeza kidonge kimoja kwa siku. Nikisoma taarifa ya aina hii, kabla ya kuangalia msuli umelegea kwa asilimia ngapi, naangalia umelegea kwenye kiwango gani cha dawa. Waandishi wa habari za afya, nami nikiwamo, tunapenda asilimia. Kiwango tunakiruka kwa sababu kina sifuri nyingi.

Kuna ujanja mwingine wa hesabu ambao msomaji anapaswa kuujua. Ureta moja inaweza kutoa vipande kumi. Vipande kumi si wagonjwa kumi. Taarifa ikisema vipande 40 vilipimwa, uliza vimetoka kwa watu wangapi. Jibu linaweza kuwa wanane. Na watu hao wengi wao walikuwa na saratani ya figo au ya kibofu, wenye umri mkubwa, na ureta isiyokuwa na kijiwe ndani yake. Anayeumwa kijiwe mara nyingi ni mtu wa makamo, na ureta yake imevimba, imetanuka juu ya kijiwe, na ukuta wake umekwaruzwa.

Na kuna swali gumu kuliko yote, ambalo kioo hakiwezi kulijibu. Tunataka ureta ilegee ili kijiwe kipite, lakini ni mikazo hiyohiyo inayosukuma mkojo, na mkojo ndio unaokisukuma kijiwe. Ukiilegeza kupita kiasi, maumivu huenda yakapungua huku kijiwe kikikaa palepale. Kinachotakiwa ni kulegeza mahali palipokaza na kuacha sehemu nyingine ziendelee na mawimbi yake, na kipande cha sentimita moja hakina juu wala chini.

Tamsulosin ilipoingia uwanjani

Tunao mfano wa dawa nyingine iliyopita njia hiyohiyo ikafika mwisho wake. Tamsulosin ilitokana na kampuni ya Yamanouchi ya Japan, ikaanza kuuzwa huko mwaka 1993 kwa wanaume wenye tezi dume iliyokua. Inaziba alfa-1. Ureta ya binadamu ina alfa-1 kwa wingi hasa sehemu ya chini, na vipande vilivyowekwa kwenye vyombo vya kioo vilipungua kukaza baada ya kupewa dawa za kundi hilo. Mantiki ilikuwa nzuri, majaribio madogo ya hospitali yakaonyesha mafanikio, na madaktari wa nchi nyingi, hata huku kwetu, wakaanza kuwaandikia tamsulosin wagonjwa wa vijiwe.

Kisha likaja jaribio la SUSPEND la Uingereza, lililochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2015. Hospitali 24 zilishiriki. Wagonjwa waligawanywa kwa kura: wengine tamsulosin, wengine nifedipini ambayo huzuia kalisi isiingie kwenye msuli, wengine kidonge kitupu. Si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata nini. Baada ya wiki nne walihesabiwa wale ambao hawakuhitaji matibabu zaidi. Waliomeza kidonge kitupu walikuwa asilimia 80. Tamsulosin, 81. Nifedipini, 80.

Hebu msomaji azisome tarakimu hizo tena. Kalisi ileile ya Ringer ilizuiwa, alfa ileile ikazibwa, na vijiwe havikujali.

Mambo hayakuishia hapo, na ingekuwa dhuluma kusema yaliishia. Mwaka 2018 jaribio kubwa la China lenye wagonjwa 3,296 katika vituo 30, wote wakiwa na vijiwe sehemu ya chini ya ureta, lilipata asilimia 86 kwa tamsulosin dhidi ya 79 kwa kidonge kitupu, faida ikionekana kwa vijiwe vilivyozidi milimita 5. Mwaka huohuo Marekani, jaribio la watu 512 waliofika vyumba vya dharura halikuona tofauti ya maana: 50 dhidi ya 47. Ukiziweka pamoja, picha inayopatikana ni ya dawa inayosaidia kidogo, kwa kijiwe kikubwa kiasi, mahali maalumu. Hilo ni dogo kuliko kioo kilivyoahidi, ingawa si bure. Mirabegron kwa vijiwe bado iko nyuma ya hapo. Imejaribiwa kwa makundi madogo ya wagonjwa, matokeo hayaongei sauti moja, na jaribio la ukubwa wa SUSPEND halijaipima.

Kwa hiyo, je, kazi ya vyombo vya kioo ni kupoteza muda? Sioni hivyo. Kioo ndicho kilichotueleza kwamba ureta ina alfa na beta, na kwamba dawa yenye jina moja ina milango miwili. Kosa hutokea pale jibu la "inaweza kulegeza" linaposomwa kuwa "itamponya". Maabara iliulizwa swali moja, ikajibu hilo moja. Mengine tumeongeza sisi.

Ureta zetu

Nyama niliyoieleza mpaka hapa ni ya Japan, ya Ulaya, ya nguruwe wa Australia. Jambo hilo lina uzito kwetu kwa sababu ya kichocho. Minyoo ya kichocho cha mkojo, inayopatikana Unguja na Pemba, mwambao wa bara na vijiji vyenye mabwawa na mashamba ya mpunga Kanda ya Ziwa, hutaga mayai yanayonasa kwenye kuta za kibofu na ureta. Mwili huyazingira mayai hayo kwa makovu, na baada ya miaka ukuta unakuwa mgumu, wakati mwingine wenye chokaa, na ureta inazibika. Kovu si msuli. Halina cha kulegezwa na beta-3 wala cha kuzibiwa na tamsulosin. Mgonjwa wa Mkoani au wa Sengerema anaweza kuwa na ureta iliyobana kwa sababu ambayo mgonjwa wa Nagoya hanayo, na dawa iliyofaulu kule ikamshinda yeye bila kosa la mtu yeyote.

Vifaa vya kulipima hili si vya kutisha. Vyombo vya kioo vya kupimia misuli ni teknolojia ya zaidi ya miaka mia moja, na wanafunzi wa famakolojia wamekuwa wakifundishwa kwa kutumia utumbo wa sungura. Tishu nayo ipo. Hospitali zetu kubwa hutoa figo zenye saratani. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na katika upandikizaji ureta ya mtoaji hupunguzwa urefu kabla ya kushonwa kwenye kibofu cha mpokeaji. Njia ya kuomba kibali cha maadili inajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama nje ya chumba cha upasuaji na chupa, na mtu wa kumlipa. Vyuo vyetu vya tiba vingeanza na hilo kabla ya kuomba mashine za mabilioni.

Wakati hayo yakisubiriwa, msomaji mwenye kijiwe asiende duka la dawa kuomba kidonge cha kibofu kwa sababu amesikia kinalegeza. Mirabegron inaweza kupandisha shinikizo la damu, na haipaswi kabisa kutumiwa na mtu ambaye shinikizo lake limefika 180 kwa 110 na halijadhibitiwa. Tamsulosin inaweza kulishusha, ukainuka kitandani ukaanguka. Daktari akikuandikia mojawapo, muulize kijiwe chako kina milimita ngapi na kiko wapi. Majibu hayo mawili ndiyo yanayoamua kama kidonge kina nafasi. Na maumivu ya ubavu yakiambatana na homa au baridi kali, au mkojo ukikata kabisa, usingoje kijiwe kitoke. Nenda hospitali usiku huohuo: figo iliyozibwa ikiwa na maambukizi huua, na tiba yake ni kuzibuliwa.